Pipa la Kanisani

Kila alasiri, akitoka shule, Ermelinda alichota maji kisimani na kujaza pipa la kanisani. Kanisa la kijiji cha Mute lilikuwa linajengwa upya, na kila asubuhi mafundi walihitaji maji ya kukandia udongo. Wakikuta pipa limejaa, walimsifu, na sifa zikamvimbisha kichwa.

"Bila mimi kanisa hili halisimami," aliwaambia wenzake. "Pipa langu halipungui hata kikombe!"

Asubuhi moja akipita kwenda shule, aliona mchanga umelowa chini ya pipa, na nyayo ndogo zikielekea ua wa jirani. Tangu watu warudi kutoka ukimbizini walikokimbilia vita, kila mtu alimtazama mwenzake kwa shaka. Katika ua ule alikaa Atija, msichana wa Kiislamu aliyehamia na bibi yake mwezi uliopita. Hakuwa na maneno mengi.

"Ndiye anayeniibia maji," Ermelinda aliwaza. Shuleni akawanong'oneza wenzake. Mapumziko yalipofika, Atija alikaa peke yake. Hata rafiki yake wa pekee alimkwepa.

Jioni Ermelinda alimweleza katekista Orlando. Mzee akakuna kidevu.

"Mwizi gani, mwanangu, anaiba maji na pipa linabaki limejaa?"

Swali lile lilimkera. Kesho yake alidamka, akajibanza nyuma ya lundo la matofali. Punde Atija akaja, ndoo kichwani. Hakuchota. Alimimina maji ndani ya pipa, akarudi kisimani, akaja tena.

"Unafanya nini?" Ermelinda alijitokeza akifoka.

Atija nusura aangushe ndoo. "Pipa linavuja, dada. Alfajiri linakuwa nusu. Tukishamaliza sala naongeza, mafundi wasikose kazi."

"Mbona hukusema?"

"Niseme kwa nini? Si nyumba ya Mungu?"

Ermelinda aliinama. Kweli, maji yalidondoka kutoka kwenye ufa, tone baada ya tone. Akakumbuka yale aliyoyanong'ona shuleni. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jumapili, katekista alipomwita ashukuriwe, alisimama mbele ya watu. "Msinipigie makofi. Pipa linavuja, na anayelijaza ni Atija. Mimi nilijisifu, kisha nikamwita mwizi."

Baada ya ibada yeye na katekista walikwenda pamoja kwa akina Atija.

"Nisamehe, Atija," Ermelinda alisema. "Kesho nitawaambia ukweli wote shuleni."

Atija aliitikia. "Haya. Lakini na mimi nitakuwepo niwasikie wakijibu."

Njiani kurudi, katekista alimshika bega. "Nguvu ya kubeba ndoo ulipewa na Mungu, mwanangu, na jirani mwema ulipewa na Yeye. Ukitaka kujisifu, jisifu kwa ajili ya aliyekupa. Mtu anayejisifu mwenyewe humwona kila jirani mwizi wa sifa zake."