Miimo ya Lango la Vumbari

Katika zama ambazo nguo ya Kambaya, iliyotoka Bara Hindi, ilipimwa kwa urefu wa mkono, na mwanamume hakutoka nyumbani bila jambia kiunoni, palikuwa na mji wa mawe ulioitwa Vumbari. Haukuwa mji mkubwa. Ulikuwa na msikiti mmoja, visima vitatu na lango moja tu la kuingilia, ila majivuno yake yangetosha miji saba. Mila ya Vumbari ilikuwa kwamba mfalme si mfalme mpaka jina lake lichongwe kwenye miimo ya lango, kulia na kushoto, ili kila aingiaye alisome kabla hajauliza bei ya mtama.

Kazi hiyo ilikuwa ya ndugu wawili. Faki, mkubwa, alichonga herufi. Vuai, mdogo, alichoma chokaa na kuipaka. Wazazi wao walikufa mapema, na Faki ndiye aliyemlea mdogo wake na kumfundisha kwamba chokaa ikishachomwa hulazwa shimoni na maji yake miezi sita, ndipo ipakwe.

“Chokaa isiyolala,” Faki alizoea kusema, “haiweki siri.”

Taabu ni kwamba wafalme wa Vumbari hawakuwa na miezi sita. Katika miaka minne mji ulipata wafalme wanane. Wa kwanza alinyweshwa sumu na mpwawe. Mpwa akapinduliwa na walinzi wale wale waliomsaidia, kwa kuwa aliwaahidi vilemba vya hariri akawapa vya pamba. Wa tano alitawala toka sala ya adhuhuri hadi magharibi. Alipoondolewa, jina lake lilikuwa bado bichi, na Vuai alilisawazisha kwa kiganja. Kila aliyekaa kitini alitoa amri ya kwanza ile ile: aliyenitangulia afutwe. Kubandua chokaa kungefunua majina ya chini yake, basi ikapakwa mpya juu ya kuukuu, tabaka juu ya tabaka. Watu nao walijifunza. Sokoni hakuna aliyetaja mfalme kwa jina, walisema “huyo aliyepo.” Hata khatibu, siku ya Ijumaa, alimwombea dua huyo aliyepo.

Wa nane alikuwa Fumo Shaibu, aliyekuwa mkuu wa walinzi. Katika mwezi wake wa pili, majina yakaanza kurudi.

Yalirudi saa ya jua kali, wakati ukuta ulipaswa kuwa mkavu. Kwanza paliota unyevu, kisha unyevu ukachukua umbo la herufi, kisha herufi zikasomeka. Aliyepewa sumu alitokeza kulia. Yule wa mchana mmoja alitokeza kushoto, amepinda kidogo, kama alivyofutwa. Mbuzi walikataa kupita langoni mpaka wabebwe. Wanawake waendao kisimani walijifunika nyuso. Vuai alipoweka mkono pale alikuta ukuta una joto, kama paji la uso la mwenye homa, na akaurudisha mkono upesi.

Ndugu wakaitwa barazani. Fumo Shaibu alikaa na joho lake jekundu, na nyuma yake alisimama Msabaha, mshika mwavuli wa kifalme, mtu mnene, mpole, aliyewashikia mwavuli wafalme wote wanane bila kubadili mkono.

“Nani anaandika usiku?” aliuliza Fumo.

“Hakuna anayeandika, bwana mkubwa,” alisema Faki. “Ni chokaa mbichi. Tuliomba muda, hatukupewa.”

“Maandishi ni ya mkono wako.”

“Yote ni ya mkono wangu. Ninyi ndio mlioniagiza.”

Msabaha alitazama juu, kana kwamba anakagua mwavuli wake. Fumo hakucheka. Alimgeukia Vuai.

“Ndugu yako atafungiwa chumba cha juu ya lango. Paka upya. Jina la mfalme aliyepita likitokeza tena, utamjenga ndugu yako ndani ya mwimo, angali hai, na chokaa utaipaka kwa mkono wako.”

Tangu siku hiyo Vuai hakula akashiba. Alipaka, akakesha, akapaka tena. Siku arubaini ukuta ulinyamaza. Siku ya arubaini na moja, adhuhuri, jina likatokeza kwenye mwimo wa kulia kwa mwandiko wa Faki. Vuai akalisoma mara mbili. Lilikuwa jina la Mwinyi Ngwali. Mwinyi Ngwali hakuwahi kutawala, wala jina lake halikuwahi kuchongwa popote.

Huyo Ngwali alikuwa binamu wa Fumo, mfanyabiashara wa pembe aliyekaa safari ya siku mbili huko mtoni. Ufalme hakuutaka, alikuwa akisema kiti cha Vumbari kina kunguni. Lakini Fumo alipoletewa habari alisahau adhabu ya Faki, akatuma watu watatu wenye majambia wakammalize binamu yake kabla ukuta haujasema kweli. Akarudi mmoja, kwa miguu, na ujumbe.

“Mwinyi Ngwali anakusalimu,” alisema. “Anasema kiti hicho hakuwa na haja nacho. Sasa anaona umemwondolea mahali pengine pote pa kukaa.”

Mwezi ulipoandama, mashamba ya nje yalijaa watu wa Ngwali, wenye mikuki mipana na ngao za ngozi ya kifaru. Waliteka kisima kilichokuwa nje ya ukuta na kukata minazi. Mchana walikaa kimya, wakiwaacha wachukuzi wa kuni wapite, wakitazama lango lililofunguliwa kidogo kila adhuhuri ili kuni ziingie. Ndipo Vuai alipokwenda tena barazani.

“Bwana mkubwa, mlango haufungiki vizuri. Miimo imenenepa. Seremala amekwisha kuziranda mbao mara tatu, hakuna tena cha kuranda. Niruhusu nibandue chokaa ya zamani.”

“Na chini yake?”

“Chini yake mna majina.”

Fumo Shaibu aliliweka sawa joho lake. Alikuwa amekonda, na joho lilimlegea mabegani.

“Nje kuna adui mmoja,” alisema. “Humo kuna saba. Hubandui kitu. Utapaka juu ya jina la Ngwali, nene, lisipenye. Na kesho baada ya sala ya Ijumaa utamjenga ndugu yako. Watu wa kale walisema ukuta uliomla mtu hausemi tena.”

Vuai aliomba ruhusa ya kumwona Faki, akapewa. Alimkuta kaka yake ameegemea kidirisha, ndevu zimemjaa, mikono haina kazi. Akamweleza yote.

“Hivi sasa,” Faki aliuliza, “kati ya ubao na mwimo pamebaki nafasi ya kiasi gani?”

“Ukisukumwa na watu sita, unaingia.”

“Na ukipaka unene wa vidole vitatu?”

Vuai alichungulia nje. Chini ya kidirisha, walinzi wanne walikuwa wakigawana kahawa, na mmoja wao, Shomari, alimpungia Vuai mkono. Huyo Shomari alikula kwa Vuai kila Idi.

“Sikuambii ufanye wala uache,” alisema Faki. “Roho yangu ni moja. Hao ni wanne, na nyuma yao kuna mji.”

“Kaka, ulinilea.”

“Ndiyo maana sikuambii.”

Vuai alitelemka na ndoo. Asubuhi ya Ijumaa alipaka miimo yote miwili, chini hadi juu, unene wa vidole vitatu, na kazi ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Alitii amri zaidi ya ilivyotolewa. Alipokuwa akilainisha upande wa kulia alisikia ndani ya ukuta sauti ndogo, ya watu wengi wanaonong’ona pamoja, na akaendelea kulainisha. Kisha akamwita Shomari kando.

“Mwanangu, leo nenda kasali mapema.”

“Nina zamu, mzee.”

“Nenda tu.”

Shomari alicheka, akabaki. Jambo hilo lilimkaa Vuai moyoni maisha yake yote.

Watu wa Ngwali walikuja adhuhuri, wanaume wa mji wakiwa msikitini na kuni zikiingia. Mlinzi alipiga pembe. Walinzi wakausukuma mlango, watu sita, kisha kumi, na mbao zikaja hadi kwenye miimo zikagoma, zikazama katika chokaa mbichi na kukwama hapo, wazi upana wa mabega ya mtu. Fumo Shaibu mwenyewe alikuja mbio akitokea msikitini, bila viatu. Aliweka viganja vyake ukutani kutafuta nguvu ya kusukuma. Mkuki ulipita katika ule uwazi na kumkuta vivyo hivyo, viganja vingali ukutani. Shomari alianguka karibu naye. Mapigano hayakuzidi muda wa kupika wali, kwani wengine wote walitupa silaha na kuanza kumshangilia huyo aliyepo.

Vuai alipanda ngazi, akavunja komeo kwa sururu, akamkumbatia kaka yake, akalia bila kuona haya. Waliposhuka, Mwinyi Ngwali alikuwa amesimama chini ya lango akijifuta damu ya mkononi. Juu yake palikuwa na mwavuli, na aliyeushika ni Msabaha.

“Nyinyi ndio mafundi?” aliuliza Ngwali. “Futeni vyote hivi. Chongeni jina langu.”

“Bwana mkubwa,” alisema Vuai, “tupe miezi sita chokaa ilale.”

“Kesho.”

Ngwali akaenda kukitazama kiti chake. Ndugu wawili hawakungoja kesho. Walichukua sururu, pauro na mfuko wa mtama. Walipofika langoni, Msabaha aliwafuata, mwavuli umefungwa kwapani. Akaangalia nyuma, akasema kwa sauti ya chini:

“Fundi. Watu husema ukuta huu hutangulia kumtaja mfalme ajaye. Jina langu, je, umeliona?”

“Chokaa haijakauka, bwana.”

“Ikikauka?”

“Ikikauka utasoma mwenyewe.”

Msabaha alitabasamu, akasimama pale akiutazama ukuta. Vuai na Faki wakatoka. Hawajafika hatua kumi, Faki aligeuza shingo mara moja, akaona herufi zinaanza kuota kwenye chokaa, kisha akamkamata mdogo wake mkono kwa nguvu.

“Usitazame,” alisema. “Twende.”

Msabaha hakungoja ikauke. Siku ya nne Mwinyi Ngwali alikutwa kitini amekaa sawasawa, ila hapumui. Msabaha akakikalia kiti, na baada yake walikuja wengine, na wafuatao hawakupata tena fundi wa kuwachongea. Ndugu wale walihamia nchi ya mbali, wakajenga visima na majiko. Faki hakuchonga tena jina la mtu, hata la kaburi.

Vumbari sasa ni magofu, na katika miimo ile hakuna hata jina moja lililosalia. Kilichobaki ni alama za viganja viwili, zimezama katika chokaa upande wa kulia. Wachungaji wanaokimbilia kivuli cha lango husema adhuhuri ukiweka viganja vyako humo utakuta pana joto, na hakuna anayeviacha hapo kwa muda mrefu.