Mgeni Aliyetandika Kitanda

"Kipanga, sikiliza. Maji yasichotwe kabla ya saa sita," redio ilisema.

Kwa jasusi kama yeye, amri hiyo ya mafumbo ilikuwa na maana moja. Ndani ya hoteli hii ndogo ya vyumba kumi na viwili alikuwamo mtu mwenye chupa ya sumu, na sumu hiyo ilikusudiwa kutiwa kwenye tangi kuu la maji ya jiji. Saa sita mchana mnunuzi angekuja kuichukua; Kipanga alitakiwa aipate kwanza.

Saa yake ya Casio mkononi ilionyesha saa tano na dakika kumi.

"Chumba gani?" Kipanga aliuliza.

"Hatujui."

"Sura?"

"Hatujui. Ungejua jinsi tunavyojua kidogo, ungelia."

Akazima redio.

Chini barabara ilichemka kwa honi na muziki wa duka la viatu. Humu ndani, chumba namba tisa, mlikuwa kimya. Hakukichagua, alipangiwa. Miaka miwili iliyopita mwenzake, mwanamke waliyemwita Sindano, aliuawa kwa risasi humu. Kipanga ndiye aliyemfunza kazi.

Zulia lilikuwa jipya. Kioo kilikuwa kilekile.

Tangu jana alikuwa amesikia mara mbili kikohozi cha Sindano bafuni. Mara ya kwanza alikwenda kukagua: lilikuwa bomba.

Mara ya pili hakwenda.

Hodi ikapigwa. Mama wa usafi akaingia na kigari cha mashuka, akakitazama kitanda, akashika kiuno.

"Na wewe pia?"

"Nimefanya nini, mama?"

"Unatandika mwenyewe! Watu wanalipa ili watandikiwe, nyinyi mnaninyima kazi. Kesho nitakukuta unapiga deki."

"Mimi na nani?"

"Yule wa namba saba. Pembe kazikaza hivihivi, utadhani bahasha. Hata shuka hataki nibadilishe. Mwanangu, anayetandika kitanda cha hoteli ana kitu chini yake."

Kipanga akazitazama pembe za shuka lake. Alifundishwa kambini kuzikaza hivyo. Miaka ishirini mikono yake ilikuwa ikizikunja bila kumuuliza.

"Umewahi kumwona mwingine wa hivyo?"

Mama akashusha sauti. "Dada mmoja, humuhumu. Mpole. Bwana fulani akanisimamisha koridoni, akaniuliza kama nina mgeni wa ajabu. Nikamwambia, kwa utani tu, kwamba yupo anayenitandikia. Jioni yake..." Akalikunja taulo lililokuwa limeshakunjwa. "Wanasema mdomo uliponza kichwa. Wangu uliponza cha mwenzangu."

Ripoti ya ofisi kuhusu Sindano iliandika: *chanzo cha kugunduliwa hakijulikani.*

Sasa kilijulikana.

"Niazime kigari," alisema. "Wewe kaa hapa, ufunge mlango."

Bastola yake ya Glock ikaingia chini ya taulo. Magurudumu yakalia hadi namba saba.

"Usafi!"

"Nimesema sitaki!"

"Kuna maji yanavuja chini, mzee."

Mlango ukafunguka upana wa kiganja.

Ulitosha.

Kipanga alikisukuma kigari kwa uzito wake wote. Mlango ukampiga mgeni kifuani, bastola yake ikaruka chini ya meza. Mgeni akainama kuifuata. Glock ikamgusa kisogoni.

"Tulia."

Akatulia. Kipanga akamfunga pingu kwenye mguu wa kitanda, akainua godoro. Chupa ilikuwa pale, imefungwa ndani ya soksi, kifuniko hakijaguswa.

"Nani kanichongea?" mgeni alifoka.

"Umetandika vizuri mno."

Akawasha redio. "Maji salama. Mnunuzi mpokeeni mapokezi."

Saa sita na dakika mbili redio ikajibu: "Tumempokea."

Maofisa walipokwisha kumchukua mgeni, Kipanga alirudi namba tisa kufuata begi lake. Mikono ilikwenda yenyewe kwenye shuka, kunyoosha pembe iliyolegea. Akaizuia. Kisha akalikamata shuka na kulivuta lote mpaka sakafuni.

Bafuni mtu akakohoa.

"Bomba," alisema kwa sauti, akafunga mlango.

Mama wa usafi alikuwa koridoni.

"Nimekuachia kazi, mama. Na yule dada, si mdomo wako uliomponza. Ni aliyemfunza kutandika."

"Unamjua?"

"Namwona kila ninaponyoa ndevu."

Akavaa miwani yake ya jua, akashuka ngazi.