Kigingi cha Pluto

Mwaka 1956 nilikuwa darasa la sita katika shule moja ya Mufindi. Kila asubuhi nilimtekea shangazi Evarista ndoo moja ya maji, nikala kiazi kilicholala, kisha nikashika njia ya shule peke yangu, ukungu ukiwa bado umelala juu ya miti ya miwati. Wenzangu walikwenda makundi makundi. Mimi nilikuwa mgeni kutoka Mbeya, wakaniita Wa Mbali. Hawakuwa wakatili. Walikuwa tu na marafiki tayari.

Baba alifariki mwezi wa Machi. Alipanda lori kutoka Mbeya kwenda kutibiwa Iringa, akafia huko, na kwa kuwa mvua zilikuwa zimekata barabara, akazikwa hukohuko. Mama alibaki kwetu Ilomba, Mbeya, na wadogo zangu wawili, mimi nikaletwa kwa shangazi. Kaburi la baba sikuwahi kuliona. Shangazi alilia kila alipotajwa kaka yake, basi nikajifunza kutomtaja.

Mwezi wa Juni, Mwalimu Filemoni alitufundisha Jua na sayari zake. Siku zile Pluto ilihesabiwa kuwa sayari ya tisa, ya mwisho kabisa.

"Jumatano nitawapa jaribio," alisema. "Makundi mawili, kila kundi watoto tisa, kila mtoto sayari yake. Kwanza utajibu swali moja la sayari yako. Halafu utahesabu hatua kutoka kwenye Jua hadi mahali pako. Dunia hatua kumi, Mshtarii hamsini na mbili, Neptuni mia tatu, Pluto mia tatu tisini na tano. Kila mahali nimepigilia kigingi chenye kitambaa chekundu. Kundi litakaloshinda litapanda lori la mbao Jumamosi, twende misheni ya Iringa, tukatazame Zohali kwa darubini ya padre."

Darasa lilishangilia. Mimi nilisikia neno moja tu: Iringa.

Kiongozi wa kundi letu alikuwa Kudra, binti wa mwenye duka. Aligawa sayari haraka haraka. Yeye akachukua Dunia, Ambrosi mwenye maneno mengi akapewa Neptuni.

"Na Pluto?" mmoja aliuliza.

"Wa Mbali," alisema Ambrosi. "Si kwao huko! Utuambie, huko wanapikia ugali moto gani?"

Wakacheka. Nami nilijaribu kucheka.

Jumatano ukungu ulikuwa mzito. Mwalimu aliweka boga kubwa juu ya kiti katikati ya uwanja, akasema hilo ndilo Jua. Akaniuliza, "Mwaka mmoja wa Pluto ni miaka mingapi ya Dunia?"

"Karibu mia mbili na hamsini, mwalimu."

"Vema. Huko hakuna atakayewahi kutimiza mwaka mmoja. Haya, nenda."

Nilianza kuhesabu. Nilimpita Kudra, nikawapita wengine, sauti zao zikabaki nyuma. Uwanja ukaisha, nikaingia kwenye miwati. Nilipotazama nyuma sikuona boga wala mtu. Nilikuwa nimefika mia mbili na kitu lori lilipopiga honi barabarani, honi ndefu kama ya lori lililomchukua baba. Nikasimama. Honi ilipokwisha, hesabu ilikuwa imenipotea.

Nilitafuta kigingi kwenye nyasi zenye umande mpaka miguu ikafa ganzi. Sikukiona. Kengele ikalia, nikarudi.

"Pluto, umekiona kigingi?" mwalimu aliuliza, kalamu mkononi.

Nilifikiria Iringa.

"Nimekiona, mwalimu."

Akaandika alama. Kisha akamwita Pluto wa kundi la pili, Isakwisa, mvulana mpole. Isakwisa alitazama chini.

"Sikukiona, mwalimu. Nilipotea."

Kundi letu likashinda kwa alama moja.

Kudra alinikumbatia. Tangu Machi hakuna mtoto aliyekuwa amenigusa hivyo. "Matilda wetu!" alisema, na ndiyo mara ya kwanza nilisikia jina langu pale shuleni. Siku ya pili, wakati wa mapumziko, Ambrosi alinigawia mahindi ya kuchoma, nikakaa katikati yao.

Nilipokuwa natafuna, nikamwona Isakwisa. Alikuwa amekaa peke yake nyuma ya choo cha wavulana, na wenzake walikuwa wakimpita wakimsema.

"Mjinga we! Ungesema umekiona, nani angejua?"

"Darubini tumeikosa kwa ajili yako."

Isakwisa hakuinua macho. Alikuwa akichora kwa kijiti mchangani, kama mtu ambaye hana mahali pengine pa kutazama. Mkao ule niliujua. Ulikuwa wangu mpaka jana yake. Nikayaweka mahindi chini.

Tulipoingia darasani nilisimama kabla mwalimu hajaanza.

"Mwalimu, jana nilisema uongo. Kigingi sikukiona."

Darasa zima likanigeukia. Kisha nikamsikia Kudra nyuma yangu: "Matilda!"

"Kwa nini ulidanganya?" mwalimu aliuliza bila kupandisha sauti.

Nilijaribu kunyamaza kama nilivyozoea, nikashindwa. "Baba yangu yuko Iringa, mwalimu. Amezikwa huko. Sijawahi kuliona kaburi lake."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Filemoni aliinamisha kichwa akafungua daftari lake.

"Alama ya kigingi nimeifuta," alisema, "na ya jibu lako nimeifuta pia, kwa sababu ya uongo. Kundi la Isakwisa ndilo linalokwenda." Nikaanza kulia. Akaja mpaka kwenye dawati langu. "Sikiliza, Matilda, na ninyi wote sikilizeni. Anayepoteza hesabu hana kosa. Anarudi mwanzo, anahesabu tena. Isakwisa alipotea akasema nimepotea, na mtu wa namna hiyo unaweza kumwuliza njia. Lakini safari ya darubini ni ya washindi. Kwenda kwenye kaburi la baba hakuna mtihani, mwanangu. Ungesema tu."

Baada ya masomo ukungu ulikuwa umeondoka. Nilirudi uwanjani peke yangu, nikaanzia pale kwenye kiti, boga likiwa bado juu yake, hatua ya kwanza. Mia tatu tisini na nne, tisini na tano. Kigingi kilikuwa nyuma ya kisiki, na kitambaa chake chekundu. Niligeuka. Boga lilionekana dogo kama punje ya hindi, lakini lilionekana. Na kule kwenye mia tatu palikuwa na mtu amesimama, mikono mdomoni.

"Pluto! Upo?" Ni Ambrosi.

"Nipo!"

"Umekiona kweli, au ni kama ya jana?"

"Njoo ukione mwenyewe!"

Akaja mbio, Kudra nyuma yake. Kudra alikuwa bado amenuna. Alikigusa kigingi, akasema, "Haya, basi," tukarudi sote watatu.

Jioni ile mwalimu alikuja nyumbani kuongea na shangazi. Jumamosi washindi walipanda lori nyuma, na mimi na shangazi tukakaa mbele na dereva. Tulipofika Iringa, wao walishika njia ya misheni, sisi tukaenda makaburini. Shangazi aling'oa majani juu ya kaburi la baba kwa mikono yake.

"Nilinyamaza nikidhani nakukinga," alisema. "Kumbe kila mmoja alikuwa analia peke yake katika nyumba moja. Tusirudie tena, Matilda. Likiwa zito, sema. Uongo na ukimya vyote huacha mtu peke yake."

Tulipoondoka nilihesabu hatua kutoka kaburini hadi langoni, ili siku nyingine nilipate hata kwenye ukungu. Katikati nilichanganya hesabu. Nikarudi kaburini nikaanza upya, na shangazi akanisubiri. Zilikuwa mia moja arobaini na mbili.