Maandazi ya Mzee Oiva

Tangu waoane, Hilkka hakusumbuliwa na ukimya wa mumewe. Kijijini kwao, kaskazini mwa Ufini, mwanamume kushinda kimya ni kawaida. Oiva hakuwa msemaji, lakini alikuwa mpole, na kuni za sauna, chumba chao cha kuogea kwa mvuke, hazikukosekana.

Mwaka huu mambo yakaharibika. Oiva aliacha kupasua kuni. Akawa anakomba sukari bakulini. Na kwenye mazishi ya dada yake, Lempi, ndiyo kabisa! Watu wanakunywa kahawa kwa huzuni, yeye akavuta sinia la maandazi ya iliki, akala yote, akacheka.

"Baba, huna haya?" binti yake Marjut alifoka.

"Matamu," Oiva akajibu.

Hilkka aliumia sana. Alimpenda wifi yake, na alimwona alivyoteseka: mikono ililegea, kisha miguu, mwisho pumzi. Kesho yake akafunga sanduku.

Muuguzi Tyyne, aliyemtunza Lempi, alipita kutoa pole. Akaliona sanduku mlangoni.

"Unasafiri, Hilkka?"

"Namkimbia huyu! Amekuwa mtu mwingine. Dada yake kafa, hana hata chozi!"

Tyyne akavuta kiti. "Kabla hujaenda, nisikilize. Huenda anaumwa. Huenda ni ugonjwa wa ukoo ule ule."

"Wa Lempi? Lempi alikufa na akili timamu. Huyu mikono yake mizima!"

"Hapo ndipo wengi tunapokosea. Hitilafu moja ya urithi inaweza kuharibu neva za misuli kwa mmoja. Kwa ndugu yake ikaharibu sehemu ya ubongo inayoshika adabu na huruma. Wengine hupata yote mawili. Mpeleke akapimwe."

Hilkka, Oiva na Marjut walikwenda hospitali wote watatu. Vipimo vikathibitisha. Dawa ya kuponya hakuna, daktari alisema, ila matunzo yanasaidia.

"Na mimi je?" Marjut aliuliza.

"Uwezekano wa kurithi ni nusu kwa nusu. Na si kila aliyerithi huugua. Kupima ni hiari yako. Zungumza kwanza na mshauri wa magonjwa ya kurithi."

"Masikini mume wangu," Hilkka alilia. "Kumbe nilikuwa namgombeza mgonjwa!"

Siku hizi Oiva hagombezwi. Funguo za gari zimefichwa. Marjut huja kupasua kuni, akaoga sauna na wazazi wake kama ilivyo desturi ya kwao, bado akiwaza kama atapima. Wakati wa kahawa Oiva hupewa maandazi mawili. Mengine huyatafuta kabatini, jikoni, hata saunani.

"Umeyaficha wapi, wewe mwanamke?"

"Tafuta, mpenzi."

Yamo chini ya kitanda, ndani ya lile sanduku la safari.