Sinagogi la Talewadi Lapata Wenyewe

Siku ya Ijumaa Hanokh Zhiradkar alikuwa hashikiki. Asubuhi alifagia sinagogi. Mchana alipangusa viti, akajaza mafuta kwenye taa, akapanga maua. Alasiri alipiga simu nyumba baada ya nyumba, akiwakumbusha Wayahudi wa Talewadi kwamba kesho ni Sabato, utadhani wao hawaijui.

"Umekula?" Segula, mkewe, alimwuliza.

"Nitakula saa ngapi? Nisipofanya mimi, nani atafanya?"

"Umewahi kumwomba mtu akakataa?"

"Hao? Hata kofia zao za sala wanasahau nyumbani."

Segula akacheka. "Basi kaoe sinagogi. Mimi nitabaki hapa na samaki wangu."

Talewadi ni mji mdogo katika pwani ya Konkan, India. Familia nyingi za Kiyahudi zilikuwa zimeondoka. Wengine walihamia Mumbai, wengine Israeli. Mwenyekiti wa zamani alipowafuata watoto wake huko Israeli, Hanokh alichaguliwa kushika nafasi yake. Aliogopa sana sinagogi la babu zake lisije likafungwa mikononi mwake. Hofu hiyo ndiyo iliyomkimbiza mbio kila Ijumaa.

Sabato moja, Bibi Rahelbai alikuja na mwanawe Naftali, aliyetoka Mumbai. Mwaka ulikuwa umetimia tangu baba yake Naftali afariki. Naftali alitaka kumsomea baba yake Kadishi, dua ambayo mtoto humsomea mzazi aliyefariki. Lakini dua hiyo haisomwi mpaka wanaume kumi wawepo.

Walikuwa wanane. Wakasubiri. Hanokh akatoka nje, akatazama barabara upande huu na upande ule. Aliona mbuzi na muuza maziwa tu. Akarudi ndani amevimba kwa hasira.

"Hii ni aibu!" alifoka. "Ninyi ni watu gani?"

"Sisi tumekuja, Hanokh," mmoja alimjibu. "Kawafokee ambao hawakuja."

Bibi Rahelbai akashuka polepole kutoka ghorofani, wanakokaa wanawake. Hakumlaumu mtu. Alimshika mwanawe mkono.

"Twende, mwanangu. Baba yako ataelewa."

Maneno hayo yalimchoma Hanokh kuliko tusi.

Wiki iliyofuata walipata mgeni, jina lake Nurit. Kazi yake ilikuwa kuzitembelea jumuiya ndogo za Kiyahudi na kuzisaidia kujipanga. Segula alimpikia samaki wa nazi. Kabla mgeni hajamaliza sahani, Hanokh alishaanza kulalamika.

"Dada yangu, watu wa hapa ni wavivu. Hawajali."

"Hata Binyamin, yule dereva wa bajaji?" Nurit aliuliza. "Amenileta kutoka stendi. Njia nzima amenieleza habari za sinagogi. Nani alilijenga, mbao zilitoka wapi, yote anayajua."

"Binyamin huyu huyu? Mbona haji?"

"Umemwuliza?"

"Nampigia simu kila Ijumaa!"

"Unampigia kumwagiza. Mimi nasema kumwuliza. Hayo ni mambo mawili, kaka. Kesho twende kwa watu, wewe na mimi. Lakini nina sharti. Usimwambie mtu yeyote aje kusali."

"Sasa tunakwenda kufanya nini?"

"Tunakwenda kunywa chai na kusikiliza."

Walimkuta Binyamin akiosha bajaji yake. Nurit alimsalimia, akamwuliza taratibu kinachomzuia. Binyamin alijibu huku akisugua kioo.

"Mwaka juzi nilipewa nafasi nisome Torati. Nikakosea neno moja. Mwenyekiti akanisahihisha mbele ya watu wote, kwa sauti ya mnadani. Mwanangu alikuwepo. Tangu siku hiyo niliona heri nikae kwangu."

Hanokh alishangaa. "Mimi nilifanya hivyo?"

"Wewe umesahau. Mimi sijasahau."

Hanokh akamsogelea. Akasema, "Nisamehe, Binyamin. Ningekuvuta pembeni nikakwambia taratibu. Nilikosa adabu."

Binyamin akamtupia kitambaa. "Haya, sugua upande ule. Nitakusamehe tukimaliza."

Kutoka hapo walikwenda kwa Mzee Shimshon, anayekaa ng'ambo ya mashamba ya mpunga. Mzee alikuwa na kigoda miguuni na mafuta ya kuchua magotini.

"Mwenyekiti, simu zako nazipata," alisema. "Lakini unauliza masikio tu. Magoti hujayauliza hata siku moja. Asubuhi ya Sabato siwezi kutembea njia yote ile, na chombo sipandi siku hiyo, dini inakataza."

Waliporudi nyumbani, Hanokh alikaa barazani. Segula akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Mmemaliza kuuliza watu?"

"Tumemaliza."

"Na mimi je? Miaka yote hii sisi wanawake tunapika, tunafua mapazia, lakini kwenye mkutano hatuitwi. Watoto wetu hawajui kusoma Kiebrania. Mimi na Rahelbai tunaweza kuwafundisha. Hujauliza!"

Nurit alificha kicheko kwenye kikombe.

Jumapili watu wote waliitwa uani kwa Hanokh, wanaume kwa wanawake. Walikuja kuandaa malida, sadaka ya kumkumbuka Nabii Eliya. Huwa ni mchele bapa uliochanganywa na nazi, sukari na iliki, na matunda kando yake. Nurit alimkalisha Hanokh kwenye mbuzi ya kukunia, akamwekea rundo la nazi.

"Kazi yako leo ni hii. Nazi zikiisha, ndipo useme."

Watu wakacheka. Kisha wakaanza kuzungumza, kwanza kwa kusitasita, baadaye wakawa wanapokezana maneno. Binyamin alisema atamchukua Mzee Shimshon kwa bajaji kila Ijumaa kabla jua halijatua na Sabato kuanza. Mzee alale karibu na sinagogi, asubuhi atembee hatua chache tu. Segula na Bibi Rahelbai wakachukua darasa la watoto. Wanaume waliokuwa wameacha kuja nao wakataka kazi; mmoja akataka ufunguo, mwingine akachukua taa.

"Kila kazi iwe na watu wawili," Nurit aliwaambia. "Mmoja akiugua au akisafiri, mwenzake anaijua. Jumuiya ikining'inia kwa mtu mmoja, akianguka huyo imeanguka yote."

Mara mbili Hanokh alifungua mdomo. Mara mbili Segula alimsogezea nazi nyingine.

Nazi zilipoisha, aliinuka huku akinyoosha mgongo. "Kazi zote mmegawana. Mimi mmeniachia nini?"

"Wewe ukae mlangoni, uwapokee watu kwa majina yao," Nurit alisema. "Waulize habari za nyumbani. Washukuru wanaofanya kazi. Hiyo ndiyo kazi ya mwenyekiti, na wewe ulikuwa huna nafasi ya kuifanya."

Haikuwa rahisi. Ijumaa ya kwanza Binyamin alifagia, akaacha vumbi chini ya benchi. Hanokh akanyakua ufagio.

"Uweke chini," Segula alimnong'oneza. "Ukifagia nyuma yake, wiki ijayo harudi."

Hanokh akauweka chini, ingawa jicho lake halikulisahau lile vumbi. Wiki iliyofuata Binyamin mwenyewe aliliona, akalitoa.

Habari zikamfikia Naftali huko Mumbai. Akasema atakuja tena amsomee baba yake. Hanokh alifurahi kama mtoto. Lakini Ijumaa hiyo homa ikamshika, akatetemeka mpaka kitanda kikalia.

"Nitakwenda hata kwa kutambaa," alisema asubuhi. "Nisipokuwepo watapungua!"

"Utalala hapo hapo," Segula alimjibu. Alimwachia maji ya tangawizi, akajifunga mtandio, akaondoka.

Hanokh alibaki na dirisha. Sinagogi lilikuwa jirani, lakini kutoka kitandani hakuweza kuuona mlango. Alisikia viatu vikipita na mtoto akicheka. Kisha pakawa kimya, naye akaona wamekwama tena. Akamfikiria Bibi Rahelbai akishuka zile ngazi.

Halafu akaisikia sauti ya Naftali, ikianza kwa kutetemeka, ikasimama imara. Alikuwa anasoma Kadishi. Sauti za wanaume zikamwitikia kwa pamoja, nzito na nyingi, "Amina!"

"Amina," akaitikia Hanokh peke yake chini ya blanketi, machozi yakimtiririka masikioni.

Baada ya sala nyumba ilijaa watu. Bibi Rahelbai aliingia akiwa amemshika mwanawe mkono, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Amemsomea baba yake," alisema.

"Nimesikia, mama. Mlikuwa wangapi?"

"Wanaume walitosha, wakazidi kumi."

"Na nani alisoma Torati?"

"Mimi," Binyamin alijibu kutoka mlangoni. "Nilikosea neno. Mzee Shimshon akaninong'oneza, nikarudia. Hakuna aliyekufa."

Wote wakacheka, na Hanokh akacheka mpaka akakohoa. Mzee Shimshon akampigapiga begani.

"Pona haraka, mwenyekiti. Na Sabato ijayo uje mapema kidogo. Viti vinajaa."