Ukimya wa Sebuleni

Jumamosi, tarehe nane Machi. Manyunyu yalianza kabla ya alfajiri, na jua lilipotoka yalikuwa bado yanachezacheza juu ya bati, taratibu, kama mtu anayepepeta mchele.

Sebuleni, Mama alikuwa mbele ya cherehani yake, pini mdomoni. Mjomba, ambaye ni kinyozi, alikuwa amepita kunywa chai kabla ya kufungua kibanda chake. Mtoto wa mwisho wa nyumba hiyo, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa anafagia. Walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Mara Dada alitokea chumbani na kinasa sauti mkononi. Alikuwa amehitimu chuo cha filamu siku si nyingi, na kazi aliyosomea ilikuwa sauti.

"Jamani, samahani. Msiseme, msisogee. Nataka ukimya wa chumba."

"Ukimya nao unarekodiwa?" Mjomba aliuliza. "Basi mimi tajiri. Kibandani kwangu umejaa tele, wateja ndio hawapo."

Dada alicheka. Aliwaeleza kwamba kila chumba kina ukimya wake. Mtengeneza filamu akikata maneno na kuacha shimo tupu, mtazamaji hushtuka. Kwa hiyo shimo hilo hujazwa na ukimya wa chumba kile kile. Walitulia. Hata Chiriku alijikaza, ufagio ukiwa hewani, mpaka Dada alipowaruhusu kupumua.

"Sasa umeamua utaanzia wapi?" Mama aliuliza. "Mpiga picha za harusi anangoja jibu."

"Nasubiri simu ya ile kampuni ya jiji kuu, Mama. Wanatafuta msaidizi wa sauti."

"Kubeba nyaya!" alisema Mjomba. "Mwanangu, harusi haziishi. Watu wanaoana hata wakiwa na madeni."

"Lakini kule nitajifunza kwa wanaojua, Mjomba. Hata hivyo sijakata shauri. Waniite kwanza."

Mama alitoka kupeleka gauni la mteja, Mjomba akaenda kibandani. Dada aliweka kinasa sauti juu ya kabati. "Nakiacha kinase mvua. Jaribu kufunga mdomo mpaka nimalize kuoga."

Chiriku aliendelea kufagia. Mara simu ya Dada, iliyokuwa mezani ikichajiwa, ililia. Aliipokea bila kufikiri.

"Mimi ni mkuu wa sauti katika kampuni ya filamu," ilisema sauti ya mama mtu mzima. "Namtafuta binti aliyeomba kazi. Nafasi ipo, lakini nataka jibu leo."

Chiriku aliutazama mlango wa bafuni. Miaka yote Dada alipokuwa chuoni, yeye alilala peke yake kwenye kitanda cha watu wawili. Hesabu zilimshinda na hakuwa na wa kumweleza. Sasa Dada amerudi juzijuzi tu, na tayari wanamtaka!

"Ameshapata kazi huku nyumbani," alisema. "Amesema hatakuja."

"Amesema mwenyewe?"

"Ndiyo. Mimi ni mdogo wake."

"Haya. Mwambie namtakia heri."

Chiriku aliifuta ile namba. Dada alipotoka bafuni na kuuliza nani amepiga, alijibu, "Amekosea namba huyo," akaendelea kufagia mahali alipokwisha kufagia.

Dada alisubiri. Mwalimu wake alikuwa amemwonya kwamba mwenye kuwapigiapigia wakubwa wa filamu huonekana msumbufu, basi hakupiga. Machi ikaisha. Mwishowe alimpa mpiga picha za harusi jibu la ndiyo. Kila jioni alirudi amenuna.

"Leo bibi yake bwana harusi alikuwa anambariki mjukuu wake huku analia," alisimulia siku moja. "Nimeinasa sauti yake safi kabisa. Bosi akasema, 'Sauti za nini hizo? Weka muziki juu.' Nikaweka muziki juu."

Aliacha kumweleza Chiriku hesabu. Usiku walipeana mgongo katika kitanda kile kile ambacho Chiriku alikipigania. Na kila alfajiri Mama alipiga magoti na kusema, "Ee Mungu, mfungulie mwanangu mlango." Chiriku aliitikia "Amina" kwa sauti ndogo, naye alimjua fika aliyeufunga. Hata hivyo hakusema.

Jumapili moja alasiri, Mama akiwa anatia vifungo na Mjomba anasinzia kwenye kiti, Dada alimwita.

"Chiriku, njoo usikilize nyumba yetu." Alimvika hedifoni.

Chiriku alisikia manyunyu juu ya bati. Alisikia ufagio. Kisha simu ikalia, na sauti nyembamba aliyoijua ikasema: *Amesema hatakuja.*

Alizivua hedifoni.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu jana. Nilikuwa natafuta mvua ya kuweka kwenye kazi yangu, nikakukuta wewe."

"Nilitaka usiende, Dada."

"Labda nisingeenda. Labda ningekaa hapa kwa hiari yangu, nikafurahi. Sasa hata mimi sitajua kamwe."

Mama aliacha sindano. Aliambiwa yote. Hakupiga kelele, na hilo lilimtisha Chiriku kuliko fimbo. Alisema tu, "Mjomba, amka. Namba ya kampuni unayo, Dada? Mpe. Aliyefunga ndiye atakayebisha hodi."

Chiriku alipiga, simu ikiwa kwenye spika. Alieleza kila kitu huku akilia, bila kuficha.

"Mwanangu," alisema yule mama, "nafasi ile ilichukuliwa siku ile ile. Aliyeichukua anachapa kazi. Siwezi kumfukuza kwa sababu ya uongo wako." Akaongeza, "Kama dada yako ananisikia, ajue huku kazi hazitangazwi sana. Wanaopata pa kuanzia ni wanaoonekana hapa. Lakini siahidi kitu."

Simu ilikatika.

"Basi nitakwenda nikaonekane," alisema Dada. "Nitabeba nyaya, nitafagia studio. Pengine nitarudi kwenye harusi. Lakini nitarudi kwa kuchagua mwenyewe."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," Mjomba alinong'ona, na kwa mara ya kwanza hakutania.

Dada aliingia chumbani, akarudi na begi, akaanza kukunja nguo. Hakumtazama mdogo wake.

"Nisamehe, Dada."

"Nitakusamehe. Si leo."

Mama alimvuta Chiriku karibu. "Mwanangu, hujaiba mkate wala kalamu. Umeiba uamuzi wa mtu, na huo haurudishwi dukani. Kumpenda mtu si ruhusa ya kumsemea. Ungemwambia, 'Dada, naogopa kulala peke yangu,' angekusikia, kwa maana kusikiliza ndiyo kazi yake. Mungu husamehe anayetubu, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kinachobaki ni kuushika mtungi vizuri kesho. Simama. Useme mbele yetu."

Chiriku alisimama katikati ya sebule. Cherehani ilikuwa kimya, Mjomba amevua kofia. Dada aliacha kukunja, shati likiwa mkononi, ingawa macho yake yalikuwa bado chini. Ulisikika ukimya wa chumba peke yake, ule ule wa siku ya manyunyu, ila sasa ulikuwa mzito.

"Naahidi mbele ya Mungu," alisema kwa sauti, "na mbele ya Mama na Mjomba, na mbele yako, Dada: sitamsemea mtu tena neno ambalo hakulisema. Na simu yako ikilia, nitakuletea mbio, hata kama inakuita mbali na mimi."