Adero na Maji ya Kijani

Kila asubuhi, kabla ya kengele kulia, Adero alifika darasa la sita na ndoo ya maji. Shule yao ilikuwa mtaani Kaloleni, Kisumu. Dirishani pa darasa palikuwa na tangi la kioo lenye samaki watano wadogo wa ziwani waitwao fulu. Bwana Hemant, muuza vioo, ndiye aliyeipa shule tangi hilo mwanzoni mwa mwaka 1994, na Adero akachaguliwa kulitunza.

Kazi hiyo ilimchosha. Kila siku aliongeza maji yaliyopungua. Kila Ijumaa alisugua kioo kwa sponji na kubadilisha nusu ya maji. Ikifika Jumatatu, maji yamegeuka kijani tena kama mboga iliyopondwa, hata samaki hawaonekani.

Jumatatu moja Mwalimu Waliaula, aliyefundisha sayansi, alisimama mbele ya tangi.

"Adero, ulisafisha hapa lini?"

"Ijumaa, Mwalimu."

"Ijumaa ya mwaka gani?"

Darasa zima likacheka.

"Mtoto mvivu hujulikana kwa kazi yake," mwalimu akasema. "Wiki nzima utafagia uwanja peke yako."

Adero alifagia kwa hasira. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imechubuka kwa kusugua kioo. Laiti angalau mtu mmoja angemuuliza!

Jumamosi alikwenda Dunga kwa shangazi yake Dorca, aliyekuwa akikaanga samaki ufuoni mwa ziwa, akamweleza yote.

"Nyamaza, mwanangu, njoo uone," shangazi akasema. Akampeleka mahali palipoota mimea ya majini yenye majani membamba kama nyuzi. Maji yake yalikuwa maangavu mpaka mchanga ukaonekana. Hatua chache mbele, pale wavuvi walipong'oa mimea ili kuegesha mitumbwi, maji yalikuwa kijani.

"Mimea hii na ule uchafu wa kijani hugombea chakula kimoja," shangazi akasema. "Mimea ikishiba, uchafu huo hufa njaa."

Jumatatu Adero alipanda mimea aliyoichukua Dunga kwenye mchanga wa tangi. Jumanne asubuhi aliikuta jalalani, bado mbichi. Akaiokota, akaingia nayo darasani.

"Mimi ndiye niliyeitupa," Mwalimu Waliaula akasema. "Wavuvi wanalia kwa sababu ya gugu maji, nawe unalileta shuleni?"

Adero hakuketi.

"Mwalimu, gugu maji huelea juu. Hii huishi chini ya maji. Uliniita mvivu bila kuniuliza, na mimea umeitupa bila kuniuliza. Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba katika sayansi mtu hujaribu kwanza ndipo aseme."

Hakuna aliyecheka. Wenzake walisubiri kiboko. Mwalimu akatoa kabatini chupa mbili kubwa za kioo.

"Basi tujaribu," akasema.

Walizijaza zote maji ya tangi, wakaziweka kwenye dirisha moja. Katika moja Adero alitia mimea. Baada ya wiki tatu, chupa isiyo na mimea ilikuwa kijani kizito. Nyuma ya ile nyingine mwalimu aliweka gazeti, na wanafunzi wakasoma maandishi yake kupitia majini.

"Ule ukijani huitwa mwani," Mwalimu Waliaula akaeleza. "Hustawi kwa jua na kwa mabaki ya chakula. Mimi ndiye niliyeagiza tangi liwekwe juani, nanyi mlikuwa mkiwatupia samaki makombo ya mandazi. Adero hakuwa na kosa. Nilimwita mvivu mbele yenu, kwa hiyo nitamwomba radhi mbele yenu. Adero, nisamehe."

Hasira ya wiki nyingi haipanguswi kama vumbi la chaki. Hata hivyo Adero akasema, "Nimekusamehe, Mwalimu."

Mchana huo walilihamisha tangi mbali na dirisha, wakapanda mimea. Mwalimu alikunja mikono ya shati, akachimba mchanga pamoja nao.

"Yaandikeni haya daftarini," akawaambia. "Kuuliza ni kazi. Anayemlaumu mwenzake kabla ya kuuliza, huyo ndiye mvivu."